Habari za Dawa Ziuazo Vijidudu

Habari nitakazowapa leo ni za dawa ambazo hazinywewi wala hazimezwi, bali kazi yake ni kuviua au kuvizuia vijidudu vidogo mno viitwavyo bakteria, mikononi, jeraheni, vyomboni na majini. Nyingi katika hizo twazijua kwa harufu tu. Harufu ya sabuni ya karboliki, harufu ya klorini iliyotiwa majini, harufu ya spiriti ya sindano: mtoto mdogo akiisikia moja yazo hulia kabla hajaguswa. Lakini asili ya dawa hizi wengi hawaijui, nayo ni habari yenye vifo vingi na ugomvi mkubwa wa mabingwa.

Na tuanze katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, mwaka 1846. Katika hospitali kuu ya mji ule palikuwa na nyumba mbili za kuzalia. Nyumba ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, na nyumba ya pili walifundishwa wakunga. Wanawake wa mji walipokewa kwa zamu, siku hii nyumba hii, siku ya pili nyumba ile, wala hawakuwa na hiari. Basi kila aliyeambiwa kuwa zamu yake ni nyumba ya kwanza alipiga magoti na kulia, akiomba arudishwe. Wengine waliona heri kuzaa njiani kuliko kuingia humo. Wala hawakuwa wajinga. Mwaka ule wanawake 4,010 walijifungua katika nyumba ya kwanza, wakafa 459. Katika nyumba ya pili walijifungua 3,754, wakafa 105. Jengo ni lile lile, chakula ni kile kile, hewa ni ile ile. Lakini penye mabingwa ndipo palipokuwa na kaburi. Ugonjwa wenyewe uliitwa homa ya uzazi.

Katika nyumba ya kwanza alikuwako daktari kijana, mtu wa Hungaria, jina lake Ignaz Semmelweis. Jambo hili lilimkosesha usingizi. Akaanza kupima kila tofauti ya nyumba zile mbili, moja baada ya moja. Je, ni msongamano wa watu? Sivyo, kwa kuwa nyumba ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi. Je, ni jinsi wanawake wanavyolazwa wakati wa kuzaa? Akawalaza kwa ubavu kama walivyofanya wakunga, vifo havikupungua. Wengine walisema kuwa padri apitapo na kengele yake kwenda kuwaombea wanaokufa huwatia hofu wazazi, na hofu ndiyo iuayo. Semmelweis akamwomba padri apite njia nyingine bila kengele. Wakafa vile vile.

Mwezi wa Machi mwaka 1847 akafa rafiki yake, Jakob Kolletschka, bingwa wa kupasua maiti. Mwanafunzi mmoja alikuwa amemchoma kwa kisu walipokuwa wakipasua maiti, jeraha likaharibika, akafa. Semmelweis alipoisoma taarifa ya maiti ya rafiki yake aliona dalili zile zile za wanawake wa nyumba ya kwanza. Ndipo alipotambua. Wanafunzi wa udaktari walitoka asubuhi katika chumba cha maiti, wakanawa kwa sabuni, wakaenda moja kwa moja kuwapima wanawake waliokuwa katika uchungu wa kuzaa. Wakunga hawakupasua maiti.

Hapo ndipo dawa inapoingia katika hadithi yetu. Na tazameni jinsi ilivyochaguliwa. Semmelweis hakujua habari za bakteria. Alidhani kuna chembe za maiti zinazoshika mikononi. Alijua tu ya kuwa mikono iliyonawa kwa sabuni bado inanuka uvundo wa maiti, na ya kuwa klorini huondoa uvundo ule. Akasema moyoni, dawa iondoayo harufu bila shaka huziharibu na chembe zenyewe. Kwa hiyo pua ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Katikati ya mwezi wa Mei akaweka bakuli mlangoni, akaamuru kila aingiaye anawe kwa maji ya klorini, na baadaye kwa maji ya chokaa yenye klorini, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Katika mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wanawake 57 kati ya 312. Katika mwezi wa Juni walikufa 6 kati ya 268. Mwaka uliofuata, 1848, ilipita miezi miwili ambayo hakufa hata mmoja.

Mwezi wa Oktoba 1847 palitokea msiba mwingine uliomfundisha zaidi. Mwanamke mmoja mwenye saratani iliyokuwa ikitoa usaha alilazwa kitanda cha kwanza. Madaktari walikuwa wamenawa mlangoni, wakampima yeye, kisha wakaendelea na wenziwe kwa kunawa sabuni tu. Katika wanawake kumi na wawili waliojifungua wakafa kumi na mmoja. Kumbe si maiti peke yake. Hata mtu aliye hai mwenye kidonda aweza kuwa chanzo. Tangu siku hiyo akaamuru watu wanawe kwa dawa kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Mtu angedhani kuwa baada ya hesabu kama hizo dunia ingemshukuru. Sivyo ilivyokuwa. Wakubwa wake hawakupenda kuambiwa kuwa mikono yao wenyewe ndiyo iliyowaua wagonjwa, na mikono ya daktari, walisema, ni mikono ya muungwana. Mwaka 1849 kazi yake katika nyumba ile haikuendelezwa, akarudi kwao Hungaria. Kwa maoni yangu, lakini, lawama si zao peke yao. Semmelweis alikawia sana kuandika. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1861, miaka kumi na minne baada ya lile bakuli la mlangoni, na tena akawaandikia wapinzani wake barua za wazi akiwaita wauaji. Mtu aliyeitwa muuaji mbele ya watu hanawi mikono, hukunja ngumi. Tena hakuna aliyekuwa amezitazama zile chembe zake kwa darubini na kuwaonyesha watu. Alikuwa na hesabu tu. Mwaka 1865 akili zake zilikuwa zimevurugika, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili karibu na Vienna, akafa humo tarehe 13 Agosti kwa jeraha lililotia sumu katika damu, ugonjwa wa jinsi ile ile aliyopigana nayo.

Siku moja kabla ya kifo hicho, tarehe 12 Agosti 1865, katika mji wa Glasgow, Uskochi, mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeitwa James Greenlees alikanyagwa na gurudumu la mkokoteni. Mguu wake ukavunjika na ngozi ikapasuka. Zamani zile jeraha la namna hiyo mara nyingi lilioza, na dawa yake ilikuwa kuukata mguu. Lakini mtoto huyu aliangukia mikononi mwa Joseph Lister, mwalimu wa upasuaji.

Lister alikuwa amezisoma kazi za Mfaransa Louis Pasteur, aliyeonyesha kuwa mchuzi uliochemshwa hauchachi wala hauozi mpaka uingiwe na viumbe vidogo kutoka nje. Naye akafikiri kuwa jeraha nalo huoza kwa sababu hiyo hiyo. Mchuzi waweza kuuchemsha. Mguu wa mtu huwezi. Yafaa itafutwe dawa itakayofanya kazi ya moto bila kuchoma. Alikuwa amesikia ya kuwa katika mji wa Carlisle watu walitia asidi ya karboliki katika maji machafu ya mji, uvundo ukaisha. Dawa hiyo yatoka katika lami ya makaa ya mawe, naye Mjerumani Runge ndiye aliyeipata mwaka 1834. Lister akaipaka katika jeraha la yule mtoto, akalifunga kwa kitambaa kilicholowa dawa. Baada ya siku nne akafungua. Hapakuwa na usaha wala uvundo, ila ngozi ilikuwa imewashwa na dawa yenyewe. Baada ya wiki sita mifupa ilikuwa imeungana, mtoto akaenda zake kwa miguu yake miwili.

Lister akatangaza habari hizi mwaka 1867. Baadaye akatoa na hesabu: kabla ya kutumia dawa, katika watu 35 aliowakata viungo walikufa 16, na baada yake, katika watu 40 walikufa 6. Naye pia alipingwa, lakini alikuwa mpole wa maneno, akaishi miaka mingi, akafundisha vijana wengi walioeneza kazi yake. Kwa muda alipuliza mvuke wa karboliki hewani chumba kizima, hata wapasuaji wakakohoa na mikono yao ikababuka. Alipoona kuwa hatari kubwa haiko hewani bali katika mikono, vyombo na vitambaa, akaacha mvuke ule, akasema waziwazi mwaka 1890 ya kuwa ameuacha.

Mpaka hapo watu walijua ya kuwa dawa zasaidia, lakini ni ipi iuayo kweli, na kwa muda gani? Swali hili alilishika Robert Koch, daktari wa Kijerumani. (Huyo ndiye aliyefika hata kwetu: mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na magonjwa ya wanyama.) Mwaka 1881 Koch alichukua nyuzi za hariri, akazilowesha katika vijidudu vya kimeta, akazikausha. Vijidudu vya kimeta vina hila: hali ikiwa mbaya hujifanya kama mbegu yenye ganda gumu, na mbegu hiyo yaweza kukaa udongoni miaka na miaka kisha ikaota ndani ya ng'ombe. Akazitia nyuzi zile katika dawa mbalimbali, nyingine kwa dakika, nyingine kwa siku nyingi, kisha akaziweka katika chakula wanachopenda vijidudu, akangoja aone kama vitaota.

Majibu yake yaliwashangaza wengi. Maji yenye karboliki sehemu tano katika mia, dawa iliyosifiwa ulimwengu mzima, hayakuziua mbegu zile upesi. Yalihitaji siku nzima na zaidi. Na karboliki iliyochanganywa na mafuta au spiriti haikuzidhuru kabisa, nayo ndiyo waliyokuwa wakiipaka madaktari wengi! Chumvi ya zebaki, kwa upande wake, ilionekana kuziua kwa dakika chache, hata sehemu moja tu ikitiwa katika sehemu elfu za maji. Hospitali zikaikimbilia zebaki.

Lakini Koch mwenyewe alikuwa amesema neno la maana: kuzuia kukua si sawa na kuua. Mbegu ya mahindi iliyokaa ghalani haioti, wala haikufa. Itie maji uone. Mwaka 1889 Mjerumani mwingine, Geppert, akalitia neno hilo mizani kwa zebaki yenyewe. Alidhani huenda dawa kidogo inaganda katika uzi, ikaenda pamoja nao mpaka katika chakula, ikavizuia vijidudu visiote, hali bado vi hai. Basi baada ya kuzitoa mbegu katika zebaki akaziosha kwa dawa yenye salfa, ambayo huishika zebaki na kuibandua. Mbegu zilizodhaniwa kuwa maiti zikaota. Zilikuwa zimefungwa, hazikuuawa. Leo twajua sababu yake: zebaki hung'ang'ania sehemu zenye salfa katika protini za kijidudu na kuzizuia zisifanye kazi, ikiletwa salfa nyingine, zebaki huiachia ile ya kwanza. Tangu hapo kila mwenye kupima dawa hana budi kwanza kuizimisha dawa iliyobaki, ndipo atazame kama kijidudu ki hai. Kwa fikira zangu jaribio hili dogo la Geppert lastahili kujulikana kuliko linavyojulikana, maana liliwavua watu tumaini la uongo.

Jambo la tatu lilikuwa la muda. Wengi walidhani, na hata leo wapo wanaodhani, kuwa dawa ikimwagwa vijidudu vyote hufa kwa pamoja, kama taa izimwapo. Mwaka 1908 Bibi Harriette Chick, katika chuo cha utafiti cha London kiitwacho kwa jina la Lister, alihesabu vijidudu vilivyobaki hai dakika baada ya dakika. Akaona ya kuwa hufa kwa kadiri: kila muda ule ule ukipita, hufa fungu lile lile la waliobaki. Wanafunzi, chukueni kalamu. Tuseme vijidudu ni milioni moja, na dawa huua tisa katika kila kumi kwa dakika. Dakika ya kwanza ikiisha wamebaki laki moja. Ya pili, elfu kumi. Ya tatu, elfu moja. Ya nne, mia. Ya tano, kumi. Ya sita, mmoja. Anayenawa na kufuta mikono mara moja amewaacha laki moja. Na aanzaye na uchafu mwingi hana budi kungoja zaidi kuliko aanzaye na mchache, hata dawa ikiwa ni ile ile.

Nguvu ya dawa nayo haifuati hesabu tunayoizoea. Ukiipunguza zebaki kwa nusu, muda wa kuua huwa karibu mara mbili. Ukiipunguza karboliki kwa nusu, muda hauwi mara mbili bali waweza kuwa kama mara sitini. Mwenye duka aongezaye maji katika dawa ya karboliki ili apate faida asidhani kuwa ameuza nusu ya dawa, ameuza harufu.

Tena kila dawa ina njia yake ya kuua. Karboliki hutoboa utando unaokizunguka kijidudu, vya ndani vikavuja nje. Klorini huunguza kila kitu kiliwacho na hewa, bila kuchagua, nayo ndiyo sababu maji yenye matope na majani huimaliza kabla haijavifikia vijidudu. Yafaa maji yatulie na kuchujwa kwanza, ndipo yatiwe dawa. Spiriti huzigandisha protini, lakini huhitaji maji ili ifanye hivyo, hata ile iliyo sehemu 70 katika mia hushinda ile isiyo na maji. Na mbegu zenye ganda gumu spiriti haziwezi.

Katika vita kuu ya 1914 mpaka 1918 majeruhi wengi walipata hasara kwa dawa hizi hizi. Katika mji wa Boulogne, Ufaransa, Alexander Fleming, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Almroth Wright, aliona ya kuwa dawa zilizomiminwa katika majeraha marefu hazikufika katika vishimo vilimojificha vijidudu, bali ziliua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Akatengeneza jeraha la mfano kwa kioo, lenye miiba mitupu, akaonyesha kuwa hata likijazwa dawa na kumwagwa, vijidudu vya mibani hubaki. Palikuwa na waliofaulu zaidi, yaani Carrel na Dakin, ambao tangu mwaka 1915 waliosha majeraha tena na tena kwa maji ya klorini hafifu, baada ya kuikata nyama iliyokufa. Ukali wa dawa juu ya mgonjwa mwenyewe ulionekana na kwetu pia: Koch alipokwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria mwaka 1906, akawatibu watu wa ugonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili yenye sumu ya aseniki, wagonjwa kadhaa walipofuka macho.

Huyo Fleming ndiye aliyeona mwaka 1928 ukungu utoao penisilini, dawa ivizuiayo vijidudu kujenga ukuta wao na isiyodhuru chembe zetu, ambazo hazina ukuta kama huo. Habari za penisilini ni ndefu, nazo zahitaji mazungumzo yake. Nitasema hili tu, ya kuwa mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel, aliwaonya watu kwamba dawa ikitumiwa kwa kiasi pungufu, vijidudu visivyokufa hujifunza kuistahimili; na hivyo ndivyo ilivyotokea.

Na lile bakuli la mlangoni? Katika miaka ya 1990 hospitali kubwa ya Geneva, Uswisi, iliweka spiriti ya mikono karibu na kila kitanda badala ya kuwapeleka watu kwenye beseni, kwa kuwa spiriti hufanya kazi kwa nusu dakika. Wakaweka watu wa kutazama na kuhesabu. Mwaka 1994, katika mara 100 zilizopasa mikono isafishwe, ilisafishwa mara 48. Mwaka 1997 ilisafishwa mara 66, na maambukizo ya wagonjwa hospitalini yakapungua kutoka karibu 17 katika mia hata 10. Wauguzi ndio walioongeza bidii. Waliobaki nyuma, hesabu ilipofanywa, walikuwa madaktari.